Jiwe Ulilolisaga kwa Vidole

Nyamizi, mayu wangu, mama yangu,

Umetoka na mama yako kwenda Kanyenye kusuka nywele, na kwa jinsi ninavyomjua msusi wenu anavyopenda hadithi, nina mchana mzima wa kuandika bila mtu kunichungulia begani. Kesho alfajiri unapanda basi la Dodoma, unakwenda chuo kusomea miamba. Habari za chandarua, za kufuli la sanduku, za kutoazimana kandambili bafuni na za kutokosa misa, mama yako amezisema tangu Jumatatu na atazirudia stendi. Viazi vikavu alivyokufungia, michembe na matobolwa, vinatosha kulisha bweni zima. Hapo mimi sina la kuongeza.

Nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka minne. Nusu yake unaijua kuliko mtu yeyote kwa sababu ulikuwepo. Nusu ya pili hujawahi kuisikia kutoka kinywani mwangu.

Unajua kazi hii ya visima niliirithi kwa babu yako. Yeye alinifundisha kuisoma ardhi kwa sauti ya sululu. Udongo mwekundu unaitika kizito, kama unapiga godoro. Changarawe inalalamika. Mfinyanzi hausemi kitu, unanata tu. Halafu siku moja sululu inalia ngo! mkono unakufa ganzi mpaka kwenye kiwiko, basi, umefika kwenye jiwe. "Hapo Mungu ameweka sakafu," babu yako alikuwa akisema. "Ukikuta maji juu ya sakafu, shukuru. Usipoyakuta, fukia uhame." Kwa imani hiyo nimechimba kuanzia huku Kipalapala hadi Urambo. Watu waliniita Fundi Paskali, na nilipopita na baiskeli yangu na kamba begani, nilijisikia mtu. Kwangu mimi jiwe lilikuwa jiwe. Liliwekwa siku ya uumbaji, litakuwepo siku ya kiama, halikutoka popote wala halina safari.

Kisha ukarudi shuleni siku ile na daftari lako. Ulikuwa kidato cha pili. Nilikuwa nimekaa juu ya jabali letu la nyuma ya nyumba, pale mama yako anapoanika mihogo, nachonga mpini. Ukakaa kando yangu, ukapiga jabali kofi kama mtu anayempiga ng'ombe wake.

"Baba, unajua hili lilikuwa wapi zamani?"

"Lilikuwa hapa hapa," nikakujibu.

"Lilikuwa chini, baba. Chini kabisa, mbali kuliko kisima chochote. Lilikuwa uji wa moto, likapoa polepole sana, ndiyo maana lina hizi chembe kubwa kubwa. Lingepoa haraka, chembe zisingeonekana."

Nikacheka. Nikakuuliza ni nani basi aliyelipandisha, maana mimi kupandisha ndoo moja ya tope tu kunanitoa jasho. Hukukasirika. Ulifikiri kidogo, ukaniambia: "Umeona lori la tumbaku likishushwa magunia? Bodi si linapanda? Juu ya jabali hili kulikuwa na miamba mingine, mlima mzima. Mvua ikaila, mito ikaibeba. Mzigo ulipopungua, ardhi ikainuka. Ikaliwa tena, ikainuka tena. Mpaka la chini likawa juu."

Halafu ukanionyesha mchoro. Duara lenye mishale. Jiwe la moto linainuka, linavunjwa na jua na mvua, linakuwa mchanga, mchanga unabebwa na mto hadi ziwani, unalala tabaka juu ya tabaka, unagandamizwa unakuwa jiwe jingine. Jiwe hilo likizama zaidi linapikwa na joto la chini, linageuka sura. Likizidi kupikwa linayeyuka, na safari inaanza upya. Ulikuwa unaongea na mikono yote miwili. Nami, mwanangu, nilitazama mikono yako kuliko daftari, nikawaza tu kwamba unafanana na bibi yako. Nikakuambia, "Haya, kaniletee maji ya kunywa." Ndivyo nilivyoufunga mlango uliokuwa unanifungulia.

Sasa twende Ulyankulu.

Kigango kimoja cha kule kiliniita kuchimba kisima nyuma ya kanisa. Akina mama wa pale walikuwa wanachota kwenye dimbwi bondeni, wanagawana na ng'ombe. Nilikwenda na Evaristi. Nakuandikia kama vile humjui, na huyu alikubeba mgongoni kabla hujaanza kutembea; lakini ipo siku utawasomea watu barua hii na ni lazima wamjue. Evaristi amezaliwa Ulyankulu, wazazi wake walikimbia Burundi wakiwa na sufuria moja na rozari. Wakati ule tulikuwa tumechimba pamoja miaka kumi na tano. Yeye chini, mimi juu kwenye roda, au mimi chini na yeye juu. Mtu unayemshikia kamba namna hiyo si rafiki tu, ni kama pumzi yako ya pili.

Ulikuwa likizo. Kifua changu kilikuwa kinanisumbua, mama yako akakutuma uniletee dawa, ukabaki siku chache kutupikia. Siku ya tatu tulikuwa tumepita udongo, tumepita mfinyanzi, tukaingia kwenye kitu ambacho mimi nilikiita jiwe. Kilikuwa na sura yote ya jiwe. Madoa meupe na meusi ya jabali letu yalikuwepo, na mistari yake pia. Nikafurahi. Nikamwambia Evaristi kuanzia hapa hatuhitaji pete za zege kuzuia ukuta, mwamba utajizuia wenyewe. Kusubiri pete zikauke ilikuwa wiki nzima, na Jumapili padre alikuwa anakuja kubariki maji. Katekista alikuwa ameshatangaza. Mimi nilikuwa nimeshaahidi mbele ya waumini, nimesimama kifua mbele, kwamba Jumapili watakunywa.

Ukaja na sufuria ya chai. Ukainama kwenye lundo la tulichotoa, ukachukua bonge, ukalibana kwa vidole. Likasagika. Likamwagika kati ya vidole vyako kama sukari guru.

"Baba," ukasema, "hili limeoza. Lina sura ya jiwe lakini si jiwe tena. Maji yamelila ndani kwa ndani. Ukuta huu utamwagika."

Palikuwa na watu kama kumi na tano pale. Katekista, wazee wa kigango, akina mama waliokuja kuchungulia. Wote walisikia. Na mimi, mayu, sikusikia ulichosema. Nilisikia kwamba binti yangu amenisahihisha mbele ya watu.

Nikasema, "Kitabu hakijawahi kushika sululu. Rudi jikoni ukaangalie maharage."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akaongeza kwamba siku hizi watoto wanataka kuwafundisha nyani kupanda miti, wakacheka tena. Uliweka chini sufuria ya chai polepole sana, ukajifuta ule unga wa jiwe kwenye kitenge, ukaondoka. Hukutazama nyuma. Nakumbuka mgongo wako hadi leo.

Evaristi alikuwa amekaa kwenye ukingo anavuta kamba kiunoni. Akachukua bonge jingine, naye akalibana. Akanitazama.

"Fundi, mtoto amesema kweli. Tuweke pete."

"Unaogopa?"

"Sijasema naogopa. Nimesema tuweke pete."

"Jumapili haisubiri pete, Evaristi."

Angeweza kukataa, nami ningekasirika siku mbili na mambo yangeisha. Lakini yeye alikuwa ananiamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lolote. Alijifunga kamba, akaingia.

Ilikuwa kesho yake, saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa kwenye roda. Nilisikia sauti ambayo babu yako hakunifundisha. Ilikuwa kama gunia la mahindi linalopasuka na kumwagika kwenye turubai. Ilichukua muda wa kusema Baba Yetu nusu. Kamba mkononi mwangu ikakaza, halafu ikatulia. Nilipochungulia niliona vumbi tu. Vumbi lilipotulia niliona kichwa cha Evaristi na mkono mmoja. Vingine vyote vilikuwa vimefukiwa.

Nilipiga kelele, nikaanza kushuka bila kamba, bila akili. Watu wakakimbilia ukingoni. Na sauti iliyotusimamisha wote ilikuwa yako. Ulikuwa umetoka jikoni na mwiko mkononi.

"Msisogee! Ukingo utashuka! Rudini nyuma wote!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Nami nilisimama. Nilikusikia, Nyamizi. Ilibidi rafiki yangu afukiwe hadi kidevuni ndipo nikusikie.

Akina mama ndio waliokimbilia kanisani. Walitoa mabenchi yote, tukayalaza kuzunguka mdomo wa kisima ili uzito wetu utawanyike. Mbao nyingine tukazishusha kuegemeza ukuta. Wanaume sita walinishikia kamba nikashuka na kopo la lita moja, kwa sababu sepetu ingemkata. Nilipofika kwake alikuwa anasali kwa Kirundi, pole pole, kama mtu anayehesabu. Akafungua jicho moja.

"Fundi," akasema, "umekuja kunitoa au kumalizia kunizika?"

Nilitaka kucheka na kulia, sikuweza vyote viwili. Nikaanza kuchota. Kopo moja, naliweka kwenye ndoo, ndoo inapanda, nachota tena. Kila mara ukuta ulipokohoa kidogo tulinyamaza wote, juu na chini. Mikononi mwangu kile nilichokiita mwamba kilikuwa kinapita kama mchele. Nilikishika, Nyamizi. Niliona chembe zile zile za jabali letu, ila zilikuwa zimeachana, kama ndugu waliogombana ndani ya nyumba moja. Adhuhuri ilipita. Jua lilipoanza kuinama tuliupata mguu wake wa mwisho, umevunjika mahali pawili. Alipotokeza juu, wanawake walipiga vigelegele hadi ng'ombe bondeni wakakimbia.

Nusu unayoijua inaishia hapo. Au tuseme inaishia jioni ile, kwenye baraza la kanisa, Evaristi alipokwisha kupelekwa hospitali. Wazee waliketi, katekista akaniuliza, bila ukali wowote, "Fundi Paskali, hii imetokeaje?"

Ulikuwa umesimama kwenye nguzo. Nilikuona.

Nikasema, "Ardhi ya huku haitabiriki, wazee wangu. Ni mipango ya Mungu."

Wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema ndivyo ilivyo. Hakuna aliyekukumbuka wewe wala maharage yako. Na wewe hukusema neno. Tuliporudi Tabora, tumekaa mbele kwenye lori la tumbaku, dereva akiendelea na hadithi zake, nilisubiri useme, "Nilikuambia, baba." Nilikuwa nimeshatayarisha hasira yangu ya kukujibu. Hukusema. Ulilala, au ulijifanya umelala, kichwa chako kikaniangukia begani. Ningejua namna ya kulia ndani ya lori la mtu, ningelia.

Kumpeleka mtu kwenye ukuta mbovu ni kosa la kutojua na la kiburi. Kumsingizia Mungu mbele ya mtoto aliyejua ukweli, hilo ni kosa jingine, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Miezi ikapita. Nilikuwa nikienda kumwona Evaristi na sukari, na sabuni, na maneno ya hali ya hewa. Siku moja alikuwa ameketi nje anapukuchua mahindi, gongo lake la kutembelea kando. Nikaanza habari za mvua. Akanikatiza.

"Paskali, mguu umepona. Si kama zamani, lakini umepona. Bado kuna mfupa mmoja."

"Upi?"

"Ule uliouvunja barazani."

Nikakaa chini kwenye maganda ya mahindi. Nikamwambia yote, ingawa aliyajua. Nikamwomba msamaha. Alinipa hindi nimsaidie kupukuchua, na huo ndio ulikuwa msamaha wake. Evaristi hana maneno mengi isipokuwa akiwa amefukiwa. Jumapili iliyofuata nilisimama kigangoni baada ya matangazo, nikasema ni mimi niliyekataa pete, na kwamba nilionywa. Nilisema "nilionywa". Sikusema na nani. Hata siku ile, mayu, nilibakiza kipande.

Kuanzia hapo nikataka kujua. Usicheke: nilimfuata Mwalimu Kashindye, aliyekufundisha jiografia, nikamwomba anifundishe ule mduara wako. Nilimwambia asikuambie. Nilikuwa nakwenda kwake Jumatano, nikikuaga kwamba nakwenda kuangalia kazi. Alikuja mara moja hapa nyumbani ulipokuwa bweni, akanionyesha jinsi jabali letu linavyobambuka maganda kama kitunguu. Akaniambia jiwe lililozoea kugandamizwa, likifika juu likaondolewa uzito, linatanuka na kupasuka. Katika nyufa maji yanaingia. Maji yanalila jiwe taratibu. Chembe laini zinageuka mfinyanzi, chembe ngumu zenye kung'aa kama kioo zinabaki mchanga. Nikamwambia, "Basi mfinyanzi na mchanga ninaouchimba kila siku ni watoto wa jiwe lile la chini?" Akasema, "Ni watoto wake, Fundi. Umekuwa ukichimba kutoka kwa watoto kwenda kwa mama." Miaka yote nilipita tabaka hizo nikidhani ni wageni waliokutana kwa bahati.

Unakumbuka nilivyokwenda Kigoma kwenye msiba wa shangazi yangu? Nilipanda treni. Njia ile ya reli inafuatana kwa sehemu kubwa na njia ya zamani ya misafara, na wewe unajua habari za babu wa babu yangu, mpagazi, aliyetembea kutoka Ujiji kuja Tabora na kwenda hadi pwani na pembe begani. Nyumbani kwetu walimsifu kwa bega lake lenye sugu kama kwato. Nilikuwa namwaza huyo nilipofika Malagarasi. Treni ilisimama muda mrefu. Nikashuka na wengine, nikateremka hadi mtoni, nikachota mchanga. Nilizitambua zile chembe, Nyamizi. Kioo kile kile. Sijui kama zilitoka kwenye jabali letu, siwezi kuapa, lakini Mwalimu Kashindye alishaniambia maji ya upande wetu mengi yanakwenda huko. Babu alibeba mzigo kuja mashariki, na mchanga wa kwetu unakwenda magharibi, hauna mpagazi wala mwenye mali anayeuhimiza.

Mbele kidogo niliona miamba myekundu yenye matabaka, kama mikate iliyopangwa. Nikaigusa. Mchanga mtupu, uliogandamizwa ukawa jiwe tena. Mto wenye mchanga mbichi unapita pembeni ya mchanga wa zamani uliokwisha kuwa jiwe na kuinuliwa juu, na huo nao unaliwa, unamwagika mtoni. Nilisimama pale kama mjinga hadi treni ikapiga honi.

Na ziwa. Baada ya mazishi nilikwenda Ujiji, nikakaa ufukweni. Mwalimu alinieleza kwamba ardhi pale ilipasuka, upande mmoja ukainuka na katikati ikazama, na kwamba bado haijamaliza. Bado, Nyamizi! Mimi nilidhani uumbaji uliisha siku ya sita. Nikawaza mchanga wetu unavyoshuka kwenye kiza kile, unalala, unafunikwa na mwingine, unangojea zamu yake. Niliogopa kidogo, kisha nikafarijika, sijui kwa nini. Wewe utajua kunieleza ukirudi.

Watu watakuja jioni hii, jumuiya nzima, na wapo watakaokuusia uwe imara kama mwamba. Waitikie, wanakupenda. Ila mimi nisamehe, sitakuambia hivyo. Nimeuona mwamba ukimwagika kwenye vidole vyako. Nitakachokuambia ni kidogo. Huko uendako utakutana na akina Paskali. Watakuwa na vyeo, watakuwa na mikono yenye sugu na miaka ya kazi, na mara nyingi watakuwa sahihi, kwa hiyo wasikilize. Lakini ukilisaga jiwe kwa vidole vyako na likasagika, usikubali mtu akuambie ni gumu. Sema mara ya pili. Wewe ulisema mara moja na ukaondoka, na sikulaumu, ulikuwa mtoto na mimi ni baba yako. Sema mara ya pili. Na siku moja utakuwa wewe ndiye mwenye sugu, na kitoto fulani kitakuja na daftari. Sijui nikuambie nini kuhusu siku hiyo. Mimi niliikosea.

Jambo jingine unalolijua kwa kusikia tu: mwaka ule ule nilioungama kigangoni, mimi na Evaristi tulirudi kwenye kisima. Yeye safari hii alikaa kwenye roda na gongo lake, akinipigia kelele kama jemadari. Tuliweka pete moja baada ya nyingine, tukasubiri kila moja ikauke. Nilikuwa nimekumbuka jambo jingine ulilonieleza siku ile juu ya jabali, nikalipuuza: kwamba maji hukaa pale jiwe lililooza linapokutana na lililo zima. Nilipita lile lililooza lote. Sululu ikalia ngo! Babu yako angesema nifukie. Nikatafuta ufa kwa mtarimbo, nikaupata, nikapiga. Maji yalikuja ya baridi, yakanifika magotini kabla hawajanitoa. Padre alikuja kubariki akiwa amechelewa mwaka mzima, na hakuna aliyelalamika.

Nilipanga niishie hapo. Nilipanga nikuombe msamaha katika mstari wa mwisho, niikunje barua, niifiche chini ya michembe, uikute Dodoma nikiwa mbali na macho yako. Lakini nilipokuwa naandika habari za ufa, Evaristi ameingia. Amekuja kwa bodaboda kutoka Ulyankulu, mguu umemvimba, anasema hawezi kuacha msimamizi wake wa uokoaji aondoke bila kumuaga. Ameniuliza naandika nini. Nikamsomea, yote, kuanzia juu.

Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza na kumwambia nitakapoiweka, akafungua jicho moja.

"Paskali. Ulimtukana mbele ya watu. Sasa unamwomba radhi ndani ya mfuko wa viazi?"

Sasa nasikia katekista wetu anabisha hodi, na viti vinapangwa uani. Nasikia sauti ya mama yako njiani, na ya kwako, unacheka kwamba msusi amekukaza hadi nyusi zimepanda. Watu kama ishirini wameshafika. Watosha.

Kwa hiyo barua hii utaisikia kabla ya kuisoma. Nitaisoma nimesimama, na nikishindwa katikati Evaristi ameahidi kunishikia kamba. Nyamizi binti Paskali, ulisema kweli kule Ulyankulu, nami nilikudhalilisha, kisha nikaikana kweli yako mbele ya wazee. Nisamehe, mwanangu.

Geti limefunguka. Nasimama.

Baba yako,
Paskali